Mbegu Kinywani

Mama alichuma zabibu moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu huku macho yake yako mashariki, mawingu yalikokuwa yanajikusanya. Nyama ya tunda aliimeza upesi, kama vile haikumhusu. Ganda akalisaga kwa magego, muda mrefu. Mbegu mbili akazitemea kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba na kuzitazama rangi, kisha akazirudisha kinywani na kuzivunja. Nilisikia zikialika. Akatema zote chini, akahamia mstari wa tano, akachuma nyingine. Hapo alikaa zaidi.

Ilikuwa Hombolo, nje ya mji wa Dodoma, katikati ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeanza kwa "mbukwa" ya kuazima, salamu ya Kigogo niliyofundishwa stendi. Aliyacheka matamshi yangu, nami nikarudi haraka kwenye shikamoo. Yeye ndiye mtengenezaji wa mvinyo katika kiwanda kidogo kisicho hata na kibao barabarani. Jina lake hataki liandikwe, na miaka yote niliyomjua namwita Mama tu.

"Zitaiva lini?" nilimuuliza.

"Zimeiva tangu wiki iliyopita, mwanangu. Mimi nasubiri zimalize."

Nimelitafakari neno hilo kuliko kitabu chochote cha mvinyo nilichosoma, na nimevinunua vingi, kwa bei ambayo mke wangu haijui yote.

Kuiva kunapimika. Mfukoni Mama ana kipima sukari, kijidude kama darubini ya mtoto: unadondosha tone la maji ya zabibu juu ya kioo, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma mstari. Hesabu yake ni nyepesi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja, hamira ikishazila, hutoa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo maji yenye gramu 220 kwa lita yataishia karibu na asilimia 13. Mtoto wa darasa la saba angeipiga. Lakini chini ya jua la Dodoma sukari hupanda mbio na mbegu hubaki nyuma. Tunda laweza kuwa tamu kama asali huku mbegu yake bado ya kijani, yenye ukakasi unaoukaza ulimi kama bibo bichi. Mvinyo wa tunda hilo utakuwa na kilevi cha kutosha na ladha ya kijiti. Ndiyo maana anavunja mbegu. Anasubiri ziwe za kahawia pande zote, zialike kama njugu iliyokaangwa, na ule ukakasi uache kukwaruza, uanze kushika.

Wakati huohuo anafukuzana na uchachu. Zabibu ina asidi mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya tufaha, ambayo joto huila: mzabibu wenyewe huichoma kama kuni, na kadiri siku na usiku zinavyokuwa za moto ndivyo inavyokwisha upesi. Ya pili ni asidi ileile ya ukwaju, ngumu zaidi kuondoka. Matunda yenye asidi hiyo kwa wingi ni machache, na mawili kati yake yanakua hapo Dodoma, moja porini na moja shambani. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliacha kutafuta kwenye glasi vitu nilivyovisoma, yale matunda ya vichaka vya Ulaya ambayo sijawahi kuyaona mtini, nikaanza kutafuta ukwaju. Ulikuwapo. Zambarau nazo zilikuwapo, na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na katika mvinyo mweupe ule ukavu wa unga wa ubuyu unaobaki kwenye fizi.

Basi Mama anataka mbegu imalize kabla uchachu haujaisha. Katikati hapo pana siku chache, mwaka mwingine siku tatu, na kipima sukari hakizioni.

Mizabibu ililetwa hapa na wamisionari Wakatoliki, Bihawana, katikati ya karne iliyopita. Uwanda wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mkavu, wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hivi hadi Aprili. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye majira: anaunyima maji, anaupogoa, na kwa mkasi wake anauambia mti kwamba mwaka umeanza. Miezi kama minne baadaye kuna vishada. Ndiyo maana hapa huvunwa mara mbili, kwanza mvua zikiwa bado zipo na tena kiangazi, Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ni ya mtu mwenye usingizi. Haya ya Machi ni kamari. Manyunyu ya usiku mmoja, zabibu zinavimba. Ya usiku wa pili, maganda yanapasuka na ukungu unaingia. Mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika huvuna mara tu sukari inapofika, nami simlaumu, maana zabibu hazimngoji mtu anayehangaika na lori. Nyingi huishia kuwa mchuzi wa zabibu, kama wenyewe wanavyouita, unaouzwa kwa lita kwa wenye viwanda. Bei ya mchuzi haiulizi mbegu ilikuwa na rangi gani.

Jioni ile mawingu yalizidi kuwa meusi. Mama alirudi ofisini, akanawa mikono, akapiga simu mbili. "Jumatano," alisema.

Wasomaji wengi wa lugha hii hawanywi mvinyo, wengine kwa dini, wengine kwa hiari yao, na sina nia ya kumshawishi mtu. Lakini ufundi wenyewe, wa kuonja, si mgeni kwetu. Mombasa, kwa ajili ya mnada wa chai, kuna watu ambao kazi yao ni kupita mbele ya safu ndefu ya vikombe, kuchota kijiko, kufyonza kwa mvumo ambao nyumbani ungewapatia kofi, na kutema. Mjini Moshi wako wa kahawa. Kelele ile ina sababu. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha iko puani, na hewa inayofyonzwa pamoja na kinywaji huipandisha harufu kwa nyuma ya koo. Mzee wa Kichagga anayegusa mbege kwa ncha ya ulimi na kusema msesewe umezidi, anatenganisha uchungu unaotakiwa na uchungu uliovuka mpaka. Shangazi yangu wa Tanga aliweza kujua kwa mvuke tu kwamba wali umepikwa kwa tui la pili, na mpishi akatazama pembeni. Wote hawa wanaonja ili jambo lifuate: bei ipangwe, majani yachanganywe, chungu kirudishwe motoni.

Mimi niliingia kwenye mvinyo kwa mlango mwingine, mlango wa alama. Robert Parker, mwanasheria wa Maryland nchini Marekani, alianzisha jarida lake mwaka 1978 akiwa na kipimo cha alama 100, kipimo ambacho kwa kweli huanzia 50. Jina lake lilipaa alipoyasifu bila kigugumizi mavuno ya Bordeaux ya 1982 wakati wengine wakisita. Uzuri wa kipimo chake ni kwamba hakikuhitaji mkalimani. Kila aliyewahi kufanya mtihani alijua 93 ni nini. Baada ya hapo tofauti ya 89 na 90 ikageuka kuwa fedha, na wenye mashamba wakaanza kuisubiri namba kama wazazi wanavyosubiri matokeo ya kidato cha nne.

Nilikuwa na daftari. Niliandika 91, 87, 93, kwa wino wa bluu, na kulitunza kama vyeti vya shule. Siku moja jijini Dar es Salaam rafiki yangu alizivika chupa nne soksi, akanimiminia. Mbili kati yake zilikuwa za mvinyo uleule. Moja niliipa 91. Nyingine 84, na pembeni nikaandika neno "mnyonge". Hajawahi kunisamehe. Kwenye harusi, hata kwenye misiba, ananiita Mnyonge.

Nilipata nafuu kidogo niliposoma kazi ya Robert Hodgson, profesa mstaafu wa sayansi ya bahari huko California, ambaye pia alikuwa na kiwanda kidogo cha mvinyo. Alikuwa amechoka kuona mvinyo wake ukipata dhahabu shindano hili na kuambulia patupu lile. Kuanzia mwaka 2005 shindano la maonyesho ya jimbo lilimruhusu awapime majaji wenyewe: katika safu ya glasi walizopewa, tatu zilimiminwa kutoka chupa moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Jaji wa kawaida alipishana na yeye mwenyewe kwa alama nne hivi, juu au chini. Kama mmoja kati ya kumi ndiye aliyebaki palepale, na aliyebaki palepale mwaka huu, mwaka wa pili alikuwa kama wenzake.

Wengi husoma habari hiyo na kusema, basi, kuonja ni utapeli. Mimi naona majaji wale walipewa kazi isiyo ya ulimi. Ulimi hulinganisha. Uulize kipi kati ya hivi viwili kinakaza zaidi, utakujibu vizuri hata ukiwa wa mtu wa kawaida. Uulize kama hiki ni 88 au 92, baada ya glasi ya ishirini na tisa, fizi zimekauka na chakula cha mchana kinanukia chumba cha pili, nao utabahatisha kwa heshima zote. Macho nayo yana mkono humo. Mwaka 2001 Frédéric Brochet na wenzake, Bordeaux, waliandika jinsi walivyowapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Nilimsimulia Mama nikitarajia atacheka. Hakucheka. "Ndiyo maana mimi hufumba macho," alisema.

Kisa kinachopendwa zaidi na watu wa alama, na wanaozichukia pia, ni cha Paris, tarehe 24 Mei 1976. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, aliwaketisha majaji tisa wa Kifaransa mbele ya chupa zilizofichwa majina, za California na za Ufaransa. Juu kabisa upande wa mweupe ikaibuka Chateau Montelena ya 1973, na upande wa mwekundu Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka uleule. Jaji mmoja alionja wa California akafurahi kwamba amerejea Ufaransa. Mwingine, Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi zake. Kinachopendwa katika kisa hicho ni kuona wakubwa wakiaibika, na sikatai kwamba kinanoga. Lakini upande wa mwekundu pengo kati ya wa kwanza na wa pili lilikuwa dogo mno. Kwa namba za Hodgson, siku nyingine lingegeuka.

Kinachonivuta mimi ni kilichotangulia Paris. Warren Winiarski wa Stag's Leap alikuwa amefundisha chuoni Chicago kabla ya kuhamia bonde la Napa kujifunza kuosha matangi. Mike Grgich alitoka Kroatia, akazunguka viwanda vya watu wengine miaka mingi kabla ya kufika Montelena. Mizabibu ya Stag's Leap ilikuwa na miaka mitatu tu, umri ambao wengi hawautegemei utoe cha maana. Kuna asubuhi fulani ya mwaka 1973 ambapo mtu alisimama katikati ya mizabibu hiyo michanga akaamua kwamba ni leo, au bado. Majaji tisa walikuja karibu miaka mitatu baadaye, wakati hakuna tena cha kuamua.

Kuhusu viwanda, nina upendeleo na sitauficha. Nimekaa kwenye vyumba vya kuonjea vya Stellenbosch vyenye vioo toka sakafuni hadi darini, milima nje, jibini mezani, kijana wa tai akinieleza pipa limetoka msitu upi. Nilifurahi, na nilinunua. Ila siku hizi naangalia sakafu kwanza. Kiwanda cha mvinyo kinachofanya kazi kimelowa, maana sehemu kubwa ya ufundi huu ni kuosha: ndoo, mipira, matangi, ndoo tena. Pua yangu inatafuta siki. Na naomba, kwa adabu, nionjeshwe kutoka kwenye tangi, kitu ambacho hakijakamilika. Wakikataa naelewa. Wakikubali, na mwenye kazi akaonja pamoja nami na uso wake ukabadilika kidogo, nimeshajua nilichokuja kujua.

Alfajiri ya Jumatano tulichuma kwa tochi za kichwani, zabibu zikiwa bado na ubaridi wa usiku. Kufikia saa tatu asubuhi makreti yalikuwa kivulini na mikono yangu ilikuwa imenata hadi kwenye viwiko. Siku mbili baadaye tangi likaanza kuongea. Hamira ikila sukari hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo huyasukuma maganda juu hadi yanakuwa kofia nene, ngumu kiasi cha kubeba jembe. Vijana wawili huizamisha kwa mti wenye kibao mwishoni, mara tatu kwa siku, ili maganda yatoe rangi na yasikauke yakaota siki. Hakuna anayeruhusiwa kuinamisha kichwa tangini, maana hewa hiyo haina harufu na imeua watu katika viwanda vikubwa kuliko hiki.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama alifungua bomba la chini na kujaza bilauri nusu. Alifumba macho, akafyonza, akazungusha kinywani kana kwamba anasukutua meno, akatema kwenye mfereji. Siku ya kwanza hata mimi ningeweza kueleza: sharubati. Siku ya tatu kulikuwa na joto, rangi ya zambarau iliyopondwa, na utamu unaokimbia. Siku ya nne akaanza kuonja mara mbili. Kilevi kinavyopanda ndivyo kinavyozidi kuchimba mbegu, na kila mbegu iliyoingia tangini haijamaliza italipa deni lake sasa. Ukiyatoa maganda mapema, mvinyo unakuwa mwembamba kama maji ya rosela. Ukichelewa, unakuwa na makucha. Hakuandika namba yoyote. Katika kijitabu chake kilichovimba kwa unyevu kulikuwa na tarehe, joto la tangi, na neno moja moja: *linashika*, *linashuka*, *bado*.

Siku ya sita alionja, akatulia, akasema, "Toeni."

Nilimuuliza amejuaje. Akagusa fizi ya juu kwa kidole. "Jana ilikuwa inanishikia hapa." Akashusha kidole hadi pembeni mwa ulimi. "Leo imeanza kushuka hapa. Kesho itakuwa hapa," na akagusa koo, akakunja uso.

Mimi nilionja baada yake. Fizi zangu zilisema kitu, lakini ni kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nimekuwa nikirudi Hombolo kila mavuno tangu hapo ili kujifunza kusikia, na nimefikia mahali ambapo naweza kutofautisha siku ya nne na ya sita. Ya tano bado inanipita.

Mvinyo ule wa Machi tuliufungua mwaka uliofuata, tumekaa kwenye benchi nje ya ghala, jua linazama, tukitumia bilauri za chai kwa sababu glasi zote zilikuwa kwenye maji ya kuoshea. Niliunusa. Zambarau, ukwaju, moshi wa mbali. Kinywani ulikuwa na uzito, na uchachu wake ulikuwa umesimama wima mpaka mwisho. Nilimeza, siwezi kusema uongo kwamba nilitema. Na kabla sijajizuia namba ikanijia yenyewe, kwa wino wa bluu: 92. Niliimeza nayo.

Mama alifumba macho. Alikaa nao muda mrefu, akatema vumbini, akafumbua macho na kutazama shamba.

"Ningesubiri siku mbili," alisema.

Nikakumbuka kwamba mvua ile iliyotutisha haikufika hadi Jumapili. Sikulisema. Alionja tena kidogo, akatafuna hewa, kisha akanyoosha kidole kupita ghala na pipa la maji, hadi kwenye mizabibu iliyokuwa imepogolewa upya.

"Mstari wa tano kwenda chini. Kule ndiko."